Kisanduku Kilichoshika Buko

Jumamosi mchana Osée alikaa sakafuni sebuleni kwake, mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi, akiandika tena neno la siri la Wi-Fi. Simu yake ilishika mtandao bila shida. Kisanduku kipya cha televisheni kilikataa katakata. Kila kilipoutafuta mtandao, kiligeuka taratibu juu ya meza, kikaelekeza uso ukutani.

Osée alielewa. Modemu ilikaa nyuma ya pazia, chumbani kwa mama mkwe wake, na mtandao wenyewe uliitwa MAMA MYRIAM. Kisanduku alikinunua yeye, nacho kilifuata tabia ya mwenyewe: kilishika buko. Kwa desturi hiyo, mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemezani mpaka wakubwa wa upande wa mke wamwonyeshe mkwe moto wa jikoni, na Osée alikuwa bado hajaonyeshwa. Kifaa chenye malezi hayo utakipata wapi siku hizi?

Lakini saa tisa mkewe, Gracia, angetetea tasnifu yake ya udaktari huko ng'ambo, Liège, na mama aliyemlea kwa kuuza samaki sokoni alitaka kumwona.

Mama Myriam alisema na sufuria, maana sufuria haina buko na mtu. "Sufuria, ambia ule baba angoye kidogo. Minafunika modemu na kikwembe."

"Sufuria, ambia mama aksanti," Osée alijibu.

Modemu ilipofunikwa vizuri, kisanduku kikageuka, kikashika mtandao. Picha ikaja safi. Televisheni ilisogezwa mwisho wa pazia, kila mmoja akatazama kutoka upande wake.

Gracia aliwajibu walimu wote bila kuyumba. Mwanamke hodari, jamani! Mwishoni akawashukuru mama yake na mumewe kwa pumzi moja. Mama Myriam akapiga vigelegele. Osée akalia kwa furaha.

Kisha Clément, baba mdogo wa Gracia, akampigia Mama Myriam simu, naye akaipokea kwa spika. "Félicitations, mama ya Gracia! Jamaa yetu iko na docteur!"

"Aksanti. Na muko wetu, utakuya kumuonyesha moto siku gani?"

"Ule ni muntu ya kuya. Nkambo yake alitoka Kasaï. Apana."

"Ni yeye njo iko na miye hapa kila siku, Clément."

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Osée alizaliwa Lubumbashi, na baba yake pia; babu yake tu ndiye aliyetoka mkoa wa mbali wa Kasaï. Alisikia kila neno, pazia si ukuta.

Jioni Mama Myriam alisonga bukari, akachagua samaki mkubwa kuliko wote, akapitisha sahani chini ya pazia. Osée akaipokea kwa mikono miwili, akala peke yake.