Chepe Hataki Kutoka

...toka basi, toka, mlango wa kizimba uko wazi tangu asubuhi na wewe umekaa ukingoni kama mwenye nyumba, mdomo wako huo wa ndege tukani, mkubwa, wa rangi zote, umeuelekeza kwangu, si msituni, kwangu mimi, eti nikupe papai, sikupi, Chepe, papai limetundikwa kule mitini, kalifuate... na Eladio, mwenzangu wa kazi, hapa ubavuni anazidi kunichefua, "Usimwangalie usoni, Yamileth, akikuona unamwangalia ataganda hapo hapo," sasa niangalie wapi, niangalie buti zako? nimemkatia matunda kituoni hapa tunapotunza ndege wa kurudishwa msituni, msimu wote wa mvua, nimesafisha kizimba chake, leo nafundishwa kuangalia... na nyuma ya uzio ni nani mwingine kama si Mama, na mwavuli wake na mfuko wa ndizi, nilimsihi asije, akaniambia, "Nakuja kumuaga tu, mwanangu, kwani nitamla?" kumuaga! ndiye aliyemharibu huyo, mti wa nyuma ya nyumba ulipoangushwa na dhoruba akaokota kinda halina hata unyoya, akalilea jikoni kwa wali na maharage, tukani analala juu ya friji! Mama yule yule ambaye tukani wa porini walipotua kwenye migomba yetu alitoka na ufagio, "Majizi haya! Yanakula makinda ya wenzao!" na ni kweli, nimewaona, wanachomoa kinda kiotani kama mtu anavyotoa kiberiti mfukoni, lakini walipoanza kuvuka mto, mmoja mmoja, mbawa zikipiga kisha zikitulia, mdomo umetangulia, Mama alishusha ufagio akawatazama mpaka wa mwisho... na balaa lote ni lile neno, kwetu mtu akifika mlangoni anaita "Upe!", na kila aliyeita Upe kwa Mama alikuwa na kitu mkononi, ndizi, mkate, na wa kwanza kufika mlangoni alikuwa Chepe, kwa hiyo nilipomleta kituoni tukamwachia mara ya kwanza, alikaa vizuri tu porini mpaka muuza tamale, ule unga wa mahindi unaofungwa kwa majani ya mgomba, alipopita nyumba za kando ya msitu akiita Upe! na Chepe huyo, akamtulia begani, mwanamke wa watu akaangusha ndoo yake, kijiji kizima kikacheka, mimi sikucheka, maana sheria ya kituo ni moja, akirudi tena kwa watu hatoki, ni kizimbani mpaka kufa, jirani na yule tukani mzee mwenye mdomo uliovunjika anayegonga waya mchana kutwa, nikimsikia Chepe naye anagonga waya nitaacha kazi, naapa... "Yamileth," Mama huyo, kwa sauti ya chini, "amekonda." "Hajakonda, Mama!" "Ndizi mnazompa zimeiva kweli?" Mungu nipe subira, "Mama, ukithubutu kuita lile neno, Krismasi utafunga tamale zako peke yako!" "Shhh, nyie wawili," anasema Eladio, "mtanitia wazimu," kana kwamba mimi nimebaki mzima... na sasa ng'ambo ya mto wameanza, wa porini, wanakoroma kama vyura juu ya mti mrefu, na Chepe amegeuza kichwa, amegeuza! amenyoosha shingo, nenda, nenda baba, ndugu zako hao... la, ananiangalia mimi tena, shenzi wewe, kuna mtu anamvuta, na namjua ni nani, nageuka nimkemee Mama, lazima anachezesha midomo pale, lazima... na Mama amempa Chepe mgongo, mwavuli uko chini, ndizi zimetapakaa matopeni, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili na mabega yanatikisika, hakuja kumwita, amekuja kujizuia asimwite, Mama yangu, na mimi nimemtukana asubuhi nzima... basi ni nani anayemvuta, aliyebaki akimkodolea macho ni nani, ni mimi, ulimi wangu ndio uko tayari nyuma ya meno, na neno ni lile lile, Upe, Chepe, Upe, nataka arudi anikalie begani, sitaki aende, hilo ndilo jambo lenyewe, sitaki aende... Eladio ananong'ona, "Bado, bado yuko pale pale," najua yuko, nasikia kucha zake zikikwaruza ubao, nami nageuka polepole, nampa mgongo, naziba mdomo wangu.