Kifuta Machozi cha Kamanda

Vumbi la saruji halifi kwa maji, Kamanda. Ukilimwagia maji linageuka jiwe. Machozi yangu yaliliangukia vumbi la ghala lile, na kilichobaki kifuani mwangu sasa unakijua.

Mume wangu alikuwa mtunza ghala. Jioni alirudi mweupe nywele mpaka kope, akasimama mlangoni na kuniambia, "Mke wangu, leo umeolewa na kibabu. Ngoja nikaoge nikurudishie kijana." Nikacheka. Kila siku mzaha uleule, na kila siku nikacheka.

Wewe ndiye uliyemnyima uzee wa kweli. Ulikuja na vita yako, ukawafungia wanaume wa mtaa wetu ndani ya ghala, ukaamuru moto, ukasimama nje ukivuta sigara. Mimi nilikuwa darini kwa jirani, nikikuona kwa ufa wa bati, na mama mkwe ameniziba mdomo kwa kiganja chake. Nilikiuma mpaka nikaonja damu. Hakukitoa.

Vita ikaisha. Ukavua magwanda, ukavaa tai, ukajenga maghorofa. Watu wakakuamkia.

Sisi wajane tulikwenda kwa mwendesha mashtaka. Faili lipo, akatuambia, mafuta ya gari hayapo. Mtaalamu wa kufukua mifupa halipwi kwa shukrani. Mashahidi wamesambaa nchi za watu. Nauli yao ataitoa nani? Wafadhili wakaja, wakatupiga picha, wakatikisa vichwa, wakaenda zao. Kumbe haki nayo hukaa nyuma ya kioo cha duka, na maskini huitazama akiwa nje.

Basi tukachanga. Ulidhani tumenyamaza, Kamanda, tulikuwa tunachanga. Msusi alichanga vidole vyake, muuza mkaa alichanga mgongo wake. Mimi niliuza cherehani, nikarudi kushona kwa mkono, na kila nilipochoma kitambaa nilikuchoma wewe. Chuki ni kibarua mwema, haiumwi, haiombi likizo.

Harufu ya mchango wetu ikakufikia. Ukamtuma kaka yako mkubwa, na suti yake ya kijivu na viatu visivyojua tope. Akaketi kwenye kiti chetu cha plastiki, akaweka bahasha mezani.

"Mama, ndugu yangu anasikitika. Si kwamba anakiri chochote, la, ila anasikitika. Pokeeni hiki kifuta machozi, yaliyopita si ndwele."

Mama mkwe akaipokea kwa mikono miwili, goti chini. "Mwambie Mungu amzidishie, baba."

Mgeni alipoondoka nikalipuka. "Mama! Umemuuza mwanao?"

Kwanza alifunga mlango. "Mbwa akikuletea mnyororo mwenyewe, kauuma mdomoni," akasema, "utamfukuza? Unampapasa kichwa."

Usiku haujaingia tulishawapitia wajane wote. Pokeeni, tukawaambia. Lieni, shukuruni, pokeeni. Na kaka yako akazunguka mtaa mzima akigawa, akakurudia na habari njema kwamba wanawake wamelainika.

Wakili wetu, binti mwembamba tuliyemwita Msumari, alizitazama zile bahasha akasita. "Hizi nitazitangaza mahakamani," akasema. "Zote, na aliyezitoa."

"Sasa wewe ulifikiri tulizipokea za nini?" akajibu mama mkwe.

Bahasha zako zikamlipa mfukuaji wa mifupa. Bahasha zako zikakodi gari lililowafuata mashahidi mpakani. Wafadhili wakubwa walitupa pole. Wewe, Kamanda, ulitupa nauli. Tulichanga pamoja, sisi na wewe, tukununulie kizimba.

Na ukasimama humo. Msumari akamuuliza kaka yako: mtu asiye na kosa, kwa nini afute machozi ya wajane asiowajua? Kaka yako akatazama viatu vyake. Wewe ukaomba maji. Nilikutazama ukiyanywa, yakikushinda, yakikutiririka kidevuni hadi kwenye tai, nikaonja utamu ambao sitauombea radhi kwa mtu. Niliitafuta huruma, nikajipapasa kote, nikakuta mfuko umetoboka.

Kifungo cha maisha. Jaji alisoma polepole, mkeo akapiga yowe, na mimi nikatamani asome tena.

Nje wanawake walikumbatiana, wakaimba, wakaanguka chini kama waliokatwa kamba. Mama mkwe hakuimba. Aliketi kwenye ngazi za mahakama, akavua viatu, akakanda nyayo zake zilizovimba. Kisha akamwita Msumari kwa kidole, na kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi akasema:

"Binti yangu, yule aliyeleta petroli siku ile. Siku hizi anakaa wapi?"