Koti na Mwenyewe

Jumapili asubuhi, mwaka ule wa vikwazo, Monsieur Sylvère, mwenyekiti wa klabu ya gofu, alisimama kwenye shimo la kwanza amevaa koti la sufi la kahawia, suruali iliyoishia magotini na soksi ndefu. Wanachama wenzake walivaa vivyo hivyo. Nguo mpya zilikuwa hazifiki tena Bujumbura, na badala ya kuonekana wamechakaa, mabwana hao waliamua kushindana kwa mavazi ya enzi za Wabelgiji. Walituma watu soko la Jabe, kwenye marundo ya nguo kuukuu, wakapata vitu vya maana. Mwaka ule nyumba nyingi zilifunguliwa bila wenyewe kuwepo.

Mchezo ulipoanza, wenyewe wakaja. Walipita kwenye nyasi bila viatu, kila mmoja akasimama nyuma ya nguo yake. Marehemu hufuata chake, kuna ajabu gani hapo? Sylvère alimtazama aliyesimama nyuma yake, mwanamume mrefu mwenye jeraha shingoni, akamkabidhi mfuko wa fimbo. Yule akaupokea. Kabla ya mchana wabeba mifuko walio hai walikuwa wamefukuzwa, maana wafu hawali na hawadai nyongeza. Milio ya risasi ilisikika kutoka vilima vya juu ya Kinanira. Wachezaji wakangoja itulie, kwa sababu kelele huharibu pigo.

Yule mrefu alikuwa Aboubacar, fundi cherehani wa Buyenzi. Alitoweka siku vijana walipofunga barabara kwa mawe, na tangu siku hiyo mkewe Mwantum hakujua kama ni mke au mjane. Shekhe alikataa kuswalia mtu asiyeonekana. Bila mazishi hakuna matanga, na bila matanga hata jirani hajui akuambie nini.

Habari aliletewa na mmoja wa wabeba mifuko waliofukuzwa.

"Mama, bwana yako niko namuona kule golf," alisema. "Anabeba fimbo muzuri kabisa."

Mwantum akaenda hadi kwenye seng'enge, akamwona, akamwita. Aboubacar aligeuza macho. Lakini koti lilikuwa linaondoka, naye akalifuata.

"Anayetembea hazikwi," shekhe alimwambia. "Mlaze kwanza."

Wanawake wa mtaani, wanaojua mambo haya, walisema ni kazi nyepesi: koti likirudi nyumbani naye atarudi, atalala, mtamwosha. Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa koti tu.

Sasa, Buyenzi hakuna mtu anayekwenda kuomba kwa mkubwa amevaa ovyo. Watu wale, Mungu awarehemu, hata maji ya kunywa jehanamu wangekwenda kuyaomba wakiwa wamepiga pasi. Tena mwanamke haendi peke yake. Ikaamuliwa kwamba msemaji awe Shakuru, mdogo wake Aboubacar. Baba yao, aliyewashonea Wazungu, aliwahi kukata makoti mawili katika kitambaa kimoja, kila mwana na lake. Shakuru alitoa lake sandukuni, akalipiga pasi ya makaa, akajipaka na manukato. Mwantum alimtazama akaona fahari, na moyo ukamtulia kidogo.

Walimkuta Sylvère akipumzika kivulini na glasi yake. Aboubacar alikuwa pembeni, akifuta mpira kwa kitambaa.

"Patron, tumekuja juu ya koti," alisema Shakuru kwa unyenyekevu. "Huyu ni kaka yangu. Tunataka kumuzika tu."

"Mi nilinunua. Sokoni, mchana, mbele ya watu."

"Tutakushonea ingine, patron. Mupya."

"Apana. Mupya nifanye nayo nini?" Sylvère akacheka. "Na yeye hajalalamika. Maiti haulizwi sanda, mama."

"We si mutu!" Mwantum alimwambia usoni, akaanza kulia kwa hasira.

Sylvère hakukasirika. Alikuwa ameshasimama, anamzunguka Shakuru polepole. Alishika ukosi kwa vidole viwili, akageuza pindo aone mshono. Kisha akamwita rafiki yake Honoré, ambaye koti lake lilikuwa la marehemu mjomba wake, aliyezikwa kwa heshima zote na hivyo hakuja, kwa hiyo Honoré alibeba mfuko mwenyewe.

"Honoré, njoo uone. Kitambaa ni kimoja!"

Honoré alipapasa mkono wa koti. "Iko nzuri," alisema. "Ndugu, unakaa wapi?"

Aliulizwa kwa adabu, akajibu kwa adabu. "Buyenzi, patron, nyuma ya musikiti. Ukiuliza fundi Shakuru, kila mutu atakuonyesha."

Mwantum alimvuta shemeji yake waondoke, lakini jibu lilikwisha kutoka.

Jumapili iliyofuata Honoré alifika mapema. Koti la Shakuru lilimbana kidogo mabegani, na upande wa kushoto lilikuwa bado bichi mahali lilipofuliwa. Shakuru alimfuata bila viatu, mfuko begani, bega kwa bega na kaka yake. Mwantum alikuwa kwenye seng'enge. Alimwita mmoja, kisha akamwita wa pili. Wakati huo Honoré akapiga vibaya, mpira ukapotelea vichakani, na ndugu wawili wakainama kuutafuta. Shakuru ndiye aliyeuona kwanza, na Honoré akamsifu.