Mguu wa Salvina Ni Upi?

Uligeuza uso. Usikane. Siku ya gulio, Salvina alipovuka barabara na furushi la vitambaa kichwani, bega moja likipanda na jingine likishuka, wewe uliinama ukajifanya unachagua nyanya. Wengine walicheka. Wewe hukucheka, na kwa sababu hiyo ukajiona mwema. Lakini aliyecheka na aliyeinama walifanya kosa moja: hakuna aliyemtazama. Yaliyompata Agosti ya mwaka 1984 yalitoka humo humo, kwa hiyo kaa usikilize mpaka mwisho.

Salvina alikuwa fundi cherehani katika kijiji kimoja cha upande wa Ushirombo, njia ya kwendea Geita. Alishonea kwenye kibaraza cha duka la ushirika, duka ambalo lilikuwa limebaki na rafu tupu na mizani. Mguu wake ulianza akiwa na miaka saba, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Aliamka akilia kwamba goti linauma. Zahanati wakamtazama goti, wakaona halina kitu, wakampa vidonge viwili vyeupe. Mama wa kambo akasema, "Huyu anakwepa kuchuma pamba." Mtoto akalia goti msimu mzima, na muda wote huo ugonjwa ulikuwa juu, kwenye nyonga, unaila polepole. Hakuna aliyepandisha mkono shibiri mbili tu akamshika pale. Alipofikishwa hospitali, pamba ikiwa imeshauzwa, mganga alimgeuza huku na huku akauliza, "Mlikuwa wapi?"

Tangu hapo mguu mmoja ukawa mfupi. Ulikanyaga kwa vidole tu, kisigino hakikugusa chini. Asubuhi za baridi nyonga ilimkaza asiweze kusimama mpaka aikande kwa maji ya moto. Pedeli ya cherehani aliikanyaga kwa mguu mzima peke yake, na kufikia jioni mguu huo nao ulikuwa unadai mapumziko.

Hakuolewa. Alikaa kwenye nyumba ya baba yake, na nyuma yake eka mbili alizoachiwa mbele ya mashahidi. Kwa miaka mingi hakuna aliyezitamani. Kisha wachimbaji wakachimba duara, shimo la dhahabu, ng'ambo ya ua wake, mwamba ukaonekana unaelekea kwake, na Salvina akagundua kwamba ghafla watu wanamsalimia kwa sauti laini. Kila aliyelainisha sauti alimtilia shaka. Aliyemtilia shaka zaidi ni Gelasius, mdogo wake wa baba mmoja, mtoto wa yule mama wa kambo. Mwaka ule sukari ilikuwa haionekani hata kwa dawa, na Gelasius akamletea kilo nzima.

"Dada, utaishi peke yako hadi lini? Hamia kwangu, mimi nitakutazamia shamba."

"Nimekaa peke yangu miaka kumi na miwili. Leo ndiyo umeona?"

Sukari ile hakuionja. Aliifunga, akaitundika darini.

Gelasius alikuwa mchekeshaji wa kijiji, na kichekesho chake kikubwa kilikuwa dada yake. Tangu ana miaka minne alikuwa akiigiza mwendo wake. Harusini watu walipiga makofi: "Gelasius! Tuchezee Salvina!" Naye anasimama, anabinua nyonga, anaburuta mguu, wanawake wanafutana machozi kwa kucheka. Salvina yupo pale pale, ameshika sahani yake ya wali.

Jumatatu moja, binti wa Gelasius, Mbuke wa miaka sita, alikuja kibarazani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umesimama mguu mmoja kama korongo?"

"Goti linauma."

Salvina akaweka mkasi chini. Akaminya goti, mtoto akanyamaza. Akapandisha mkono hadi kwenye nyonga, akagusa kidogo tu. Mtoto akapiga kelele. Salvina akafunga cherehani mchana kweupe akaenda kwa Gelasius, akamkuta na vijana wanacheza bao.

"Mpeleke mtoto hospitali. Sio goti, ni nyonga. Usisubiri."

"Aa, dada! Huyo ameniona mimi nikikuigiza wewe, na yeye anaiga. Ukoo wa wasanii huu!"

Vijana wakacheka hadi kete zikamwagika.

Alhamisi alfajiri ng'ombe wanne wa mzee Telesphori hawakuwepo zizini. Miiba ya mlango ilikuwa imevutwa kando kwa utaratibu, na pale kwenye vumbi pakakutwa nyayo za mtu anayechechemea. Filimbi zikalia. Sungusungu wakaja na pinde zao, lile jeshi la wanakijiji lililoanza mwaka juzi kuwasaka wezi wa mifugo. Wakafunika nyayo tatu kwa makarai ili kuku wasizichakure. Kwato za ng'ombe walizifuata hadi mtoni, wakainama kwa kila jiwe, maana kufuata nyayo wanajua kweli kweli. Zile za mtu hawakuzifuata hata hatua kumi. Ya nini? Kila mtu anazijua.

Mkutano uliitwa saa sita mchana, hapo hapo nje ya zizi. Salvina aliletwa, akakaa chini, akajifunika kitenge miguuni. Alijua hukumu yao hata kabla hawajaitamka, alishawahi kuiona: mtu anatengwa. Hapewi moto, hachoti maji na wenzake, hasalimiwi, mpaka achoke ahame. Na akihama, nyumba na eka mbili zinarudi kwenye ukoo. Ukoo ni Gelasius.

Mtemi wa sungusungu, Ngassa, alikuwa mtu mzito wa kusema. "Salvina, nyayo zako ndizo zimewafungulia wezi."

"Mmejuaje ni zangu?"

"Kijiji hiki kiwete ni nani mwingine?"

Watu wakacheka. Salvina akawatazama mmoja mmoja kama afanyavyo akikagua mshono, na akaona kitu kimoja. Gelasius, mstari wa mbele, hacheki. Miaka zaidi ya ishirini mguu huu umetajwa mbele ya watu, na leo ndiyo mara ya kwanza Gelasius hacheki.

"Naomba nizione," akasema.

Wakafunua makarai. Nyayo za katambuga za tairi, kama zinazovaliwa na nusu ya kijiji. Wa kushoto umekanyaga wote. Wa kulia vidole tu, na mfereji wa kuburuta. Salvina alizitazama muda mrefu. Kisha akarudi, akakaa, akajifunika tena kitenge.

"Mtemi, sijakataa wala sijakubali. Niambieni kwanza. Mguu wangu mbovu ni upi?"

"Swali gani hilo?"

"Dogo sana. Mmezijua nyayo zangu bila kuzifuata. Ni upi?"

"Wa kulia," akasema Telesphori, ambaye suruali aliyovaa ilikuwa imeshonwa na Salvina.

"Wa kushoto bwana," akadakia kijana mmoja.

"Kulia! Wewe hukumwona kwenye harusi ya Donatus?"

"Kwenye harusi ile nilimwona Gelasius."

"Si ni yale yale?"

Kelele zikapanda. Ngassa akaamuru mikono kama mkutano wa tawi. Kushoto mikono sita. Kulia msitu mzima.

Salvina akasimama, akavua kitenge. Akatembea kwenye vumbi mbele yao, taratibu, kutoka kwenye karai hadi miguuni kwa Ngassa.

"Sasa inameni."

Wakainama. Wazee wenye mashavu ya tumbaku, vijana wenye mishale, wote wakainama kuutazama mguu ambao walikuwa wameishi nao miaka ishirini na nne. Mguu mfupi ulikuwa wa kushoto.

"Basi nani hapa anachechemea kwa kulia?" Salvina akauliza.

Bibi Mektilda, mzee kuliko wote pale, akaanza kucheka peke yake hadi akakohoa.

"Si huyo Gelasius! Alipokuwa mdogo alikuwa anakaa mbele ya dada yake, uso kwa uso, anamwiga. Wa kushoto wa mwenzake yeye anaukuta upande wake wa kulia. Nilimwambia, 'Wee, umekosea mguu.' Akanijibu, 'Bibi, si wanacheka? Inatosha.'"

"Mnamsikiliza kikongwe huyu?" Gelasius akaruka.

"Tembea," akasema Ngassa.

"Nitembee nini?"

"Tuchezee Salvina."

Hakuna aliyepiga makofi. Gelasius akatembea, upinde wake wa sungusungu mgongoni, na wayo wake ukalala kando ya ule wa chini ya karai kama pacha. Kabla jua halijazama alikuwa amewataja wenzake wawili.

Unangoja nikuambie walimwomba Salvina radhi? Hawakumwomba. Walichukua hukumu ile ile waliyomwandalia, wakaibandika kwa Gelasius, yeye na nyumba yake yote.

"Na mtoto?" Salvina akauliza.

"Mtoto ni wa nyumba ile," akasema Ngassa, akapuliza filimbi ya kutawanyika.

Keshoye Mbuke hakuweza kuinuka mkekani, na Gelasius alikuwa amechukuliwa na sungusungu akawaonyeshe ng'ombe walikofichwa. Machela ya kumbeba mgonjwa hadi barabarani hubebwa na wanaume wanne, na mwendo ni maili mbili. Melania, mama yake Mbuke, alizunguka nyumba saba akiomba. Milango saba ilikuwa na shughuli.

Salvina alipofika, Melania alisimama mlangoni na mchi mkononi.

"Umekuja kumalizia? Wewe ndiye uliyemshika nyonga. Tangu siku ile ndipo amezidi."

"Nimekuja na blanketi. Tafuta mti."

"Mume wangu alitaka kukuhamisha, leo umbebe mwanawe? Unataka nini kwetu?"

"Sitaki kitu. Mimi walingoja pamba iishe. Shika huko mbele."

Wakafunga blanketi kwenye mti. Melania mbele, Salvina nyuma. Kila Salvina alipokanyaga kwa mguu wa kushoto machela ilishuka, mtoto akaguna. Alipokanyaga kwa kulia ikapanda. Nyonga yake yenyewe iliwaka tangu hatua ya mia. Walipita katikati ya kijiji, na watu wakainama kuchagua dagaa, kufunga kamba za viatu, kumwita kuku ambaye hakuwepo.

Saa nane walikuwa barabarani. Lori la kwanza la pamba likapita. La pili likapunguza mwendo, dereva akamwona mwanamke aliyepinda bega, akaongeza, wakabaki wanangoja la tatu.

Sasa wewe. Hapo ulipo pana mtoto anayelia goti, na mmesema anadeka, au anaiga, au anakwepa kazi. Weka karatasi hii chini. Nenda ukapige magoti mbele yake. Pandisha mkono shibiri mbili, umshike nyonga, umtazame usoni. Akilia, mbebe umpeleke hospitali leo, pamba ibaki shambani. Inuka. Bado umekaa?