Nitamtunza

Kila Jumamosi, saa tisa ikishapita, Bibi Sada alikuja kupepeta ulezi wa pombe. Alikuwa amekufa mwaka wa nzige, na huu ulikuwa mwaka wa 1953, kwa hiyo hakula wala hakunywa, jambo lililompendeza mjukuu wake Luciana, maana pombe ilibaki yote. Alikaa kwenye kigoda, akapepeta nyungo tatu au nne, akaondoka kabla kuku hawajaingia bandani. Siku hizi alichechemea. Alikuwa akitembea vizuri tu, mpaka panya alipotafuna pembe ya karatasi yake.

Karatasi hiyo alipewa na Wadachi, yaani Wajerumani, enzi ya utawala wao. Bibi Sada alinyakuliwa utotoni ng'ambo ya ziwa, akateremshwa Kipili kamba ikiwa shingoni, akauzwa, kisha akauzwa tena, halafu Wadachi wa boma wakamwandikia karatasi yenye muhuri wa ndege. Hakuna aliyejua kuisoma. Luciana aliiweka ndani ya kibuyu, na kibuyu ndani ya kihenge. Panya naye njia aliijua.

Ndipo akaja Mmarekani. Alikuwa akitafuta karatasi za kale za familia, azipeleke kwenye nyumba moja kubwa kwao inayotunza vitu hivyo. Aliletwa kutoka mjini Sumbawanga na Mwalimu Modesti wa shule ya misheni, ambaye kaptula yake ilipigwa pasi hadi ingeweza kukata nyama. Kiswahili Mmarekani alijifunzia melini, katika kitabu ambacho inaonekana kiliishiwa kurasa.

"Nitamchukua karatasi," alisema. "Nitamweka mahali pakavu. Panya hatamwona. Nitamtunza."

Watoto waliangua kicheko.

"Nitaitunza, Bwana," Modesti akamsahihisha. "Karatasi si mtu."

"Mwache aseme, Mwalimu," akasema Luciana. "Mbona anasema vizuri kuliko wewe."

Aliufikiria ule mguu wa bibi. Akatia kidole gumba kwenye wino, akabonyeza kwenye hati pale alipoonyeshwa, na Mmarekani akaondoka na karatasi.

Jumamosi iliyofuata Bibi Sada hakuja. Wala ile ya pili. Luciana alipepeta mwenyewe, makapi yakamwingia machoni. Miezi miwili ilipokwisha, alimfuata Modesti shuleni amwandikie barua iende kwenye ile nyumba.

"Anza na shikamoo bibi."

"Kiingereza hakina shikamoo, mama."

"Basi iandike hivyo hivyo. Huandikiwi wewe. Halafu muulize mguu unaendeleaje, na anarudi lini."

Jibu lilipitia mtaa wa Mazwi mjini, dukani kwa Muhidin, ambaye alibandua stempu kwanza, ndipo akatoa barua. Modesti alisoma huku akitafsiri.

"Imefika salama. Imewekwa katika sanduku la kumi na nne."

"Nani imefika?"

"Karatasi."

"Nimeuliza habari za bibi."

"Ndivyo walivyoandika, mama." Akaendelea. "Ila kila Jumamosi hutoka sandukuni na kufagia chumba cha wasomaji. Hilo hatulikatazi. Lakini hufungua pia utepe wa masanduku ya jirani, yenye hati za watu waliouzwa huku kwetu Marekani zamani, na Jumatatu hati hizo hukutwa hazina majina. Mpaka sasa majina thelathini na moja yameondoka. Tafadhali iandikieni iache."

"Hajambo huyo," akasema Luciana. "Waambie kama anawasumbua, wamrudishe."

Modesti akaandika. Ulezi ukapandwa, ukapaliliwa, ukavunwa, ndipo jibu likafika. Nyumba ile ilisikitika sana. Kwa dole gumba la Luciana, karatasi ilikuwa mali yao daima. Sasa inakaa katika kabati la chuma lenye kufuli. Ndugu wanaweza kuishika Jumatatu mpaka Ijumaa, wakiwa wamenawa mikono. Kwa hisani yao wameambatanisha tafsiri ya maneno yake, huenda familia haijapata kuyasikia.

Modesti alikunjua ukurasa wa pili. Aliusoma polepole, na safari hii hakusahihisha kitu.

"Mwanamke aitwaye Sada ni huru. Aende apendako, akae apendako. Asifungwe, asiuzwe, asizuiwe na mtu yeyote."

Luciana aliomba asomewe tena. Akasomewa. Kisha akauliza kama ndiyo mwisho.

"Kuna mstari mmoja chini, wa penseli. Wameandika kwamba inasema marahaba."

"Anasema."

Modesti aliisogeza barua dirishani, akaitazama vizuri, maana alikuwa mtu wa haki.

"Hapana, mama. Hapa wameandika inasema."

Ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo ndugu waliruhusiwa kuishika. Luciana akaenda kunawa mikono, akarudi, akaipokea barua.