Kwa Nini Arobaini

Ko! Ko! Ko! Kasia lilikuwa likigonga ubavu wa boti nje ya ukuta wa kisiwa tulichotengwa. Nikajua ni Orsola, mchumba wangu. Venisi nzima hakuna mwingine anayebisha hodi kwa hasira namna ile.

"Zorzi! Leo siku ya ngapi?"

"Ya thelathini na nane!" nilijibu kutoka dirishani. "Jumapili tunafunga ndoa!"

"Uje na shairi, la sivyo naolewa na muuza sardini!"

Akaenda zake. Vlaho, mfanyabiashara wa Raguza ambaye nilimpakulia mizigo melini nikafungiwa naye kisiwani, alicheka.

"Sisi tulianza kutenga wageni wa meli kwa siku thelathini, kwa kuogopa tauni. Nyinyi mkaongeza kumi, mkaita karantini, maana kwenu quaranta ni arobaini. Hizo kumi za nini, mshairi?"

Sikujua, na iliniuma. Nimejifundisha vina mwenyewe, halafu neno la kila siku linishinde! Nikamwendea Bortolo, mlinzi, aliyekuwa akimenya kitunguu.

"Wengine husema ni mfungo wa Bwana Yesu jangwani," akasema. "Waganga husema homa ya tauni haijifichi mwilini zaidi ya hapo. Mimi sijui. Ila ndugu yangu alianza kutetemeka siku ya thelathini na tatu."

Alasiri wachukuzi wa meli mpya walikuwa wakipanga marobota ya sufu upande wao wa kamba iliyotutenga nao. Walipogeuka, moja likaporomoka kuelekea majini. Mikono ya mchukuzi haingoji ruhusa: nikaruka kamba, nikalidaka. Vlaho peke yake aliniona.

"Sijaona kitu," akanong'ona. "Nenda kaoe, bwana."

Ukigusa mzigo mpya, unarudi siku ya kwanza. Hiyo ndiyo sheria. Nikatazama nyuzi za sufu zilizonasa mikononi, mikono ambayo Jumapili ingemshika Orsola. Nikamwita Bortolo, nikamwambia.

Asubuhi, nilipomwambia Orsola kutoka dirishani kwamba nimerudi siku ya kwanza, alinitukana mimi, sufu na Raguza yote. Alipochoka, akauliza taratibu, "Lakini kwa nini arobaini, Zorzi? Kwa nini si ishirini?"

"Bado sijui. Nitamuuliza kila anayeingia humu. Lakini nakuahidi, Orsola, sitaiba hata siku moja ya hizo arobaini. Nitatoka kwa mlango, mchana, nikiwa mzima, na utanishika bila woga."