Kitambaa cha Bibi Ujinga

Kila siku baada ya chakula cha mchana, mimi na Shangazi Namkunda huketi barazani kuchambua maharage. Siku ile ungo ulikuwa mapajani mwangu balozi wetu wa nyumba kumi alipoingia na karatasi na kidau cha wino. "Mama, bonyeza kidole hapa. Ni ya kukarabati ndiva. Mkutano wa alasiri utaipitisha." Ndiva ni bwawa letu, walilochimba mababu, ambalo bila maji yake mashamba ya mlima mzima hukauka. Nikachungulia, nikasoma: bwawa linakabidhiwa Mwenyekiti wa kijiji, Mzava, liwe mali yake daima. Mdomo ukagoma kuyatamka hayo. "Shangazi, husomi kwanza?" nilinong'ona. Akacheka, kidole kimeshalowa wino. "Nisome nini? Mwenyekiti na sauti tamu vile, atudanganye?" Akabonyeza, balozi akaenda zake na karatasi. Nami, nimechoshwa na aibu ya ukimya wangu, usingizi ukanichukua palepale.

Nikajiona katika nchi ya kijani ambako watu wote walikuwa wamefungwa vitambaa machoni, na wote wakitabasamu. Aliyewafunga alikuwa Bibi Ujinga, mnene, mkarimu, mikono laini kama maandazi. "Karibu mwanangu, jua lisikuumize," aliniambia. Jukwaani alisimama Bwana Tamaa, kimo chake hakizidi kinu, akihutubia. Na kila watu walipopiga makofi, aliongezeka shubiri moja. Punde akawa amepita paa za nyumba. Ndipo mama mmoja mwembamba akanishika mkono. "Naitwa Maarifa," akasema, akayadaka maneno ya Tamaa kwenye ungo wake, akapeta. Ahadi zote zikapeperuka kama makapi; ikabaki punje moja, nayo ililia, "Changu! Changu!" Nikacheka hadi nikashika mbavu.

"Mbona huwaambii?" nikamuuliza. "Mimi sina sauti, mwanangu, ila ya wanaonijua. Vitambaa hivyo, unafikiri Ujinga anafuma kwa nyuzi gani? Kwa ukimya wao." Nikatazama kitambaa cha mwanamke aliyekuwa karibu nami, nikautambua uzi wa kanga yangu mwenyewe. Uso chini yake ulikuwa wa Shangazi. Nikauvuta uzi ule. Kitambaa kikafumuka chote. Akapepesa macho, akatazama miguu ya Tamaa. "Ala! Kumbe kasimama juu ya migongo yetu, si jukwaa! Jamani, hebu chungulieni!" Kicheko kikatoka kwake kikapita uwanjani kama maji yaliyofunguliwa mferejini, vitambaa vikianguka, watu wakiinuka na kunyoosha migongo, naye Tamaa akasinyaa, akasinyaa, hadi akawa fukusi, mdudu mla nafaka, akatimua mbio, akatoboa harage na kujificha ndani.

Baragumu la mkutano likaniamsha. Katika ungo, harage moja lilikuwa na tundu. Nikalitazama, nikaelewa: Mzava hakuwa na nguvu zozote ila zile nilizomwachia mimi niliyesoma nikanyamaza. Nikaliokota harage lile, nikamfuata Shangazi hadi uwanjani. Mwenyekiti, karatasi mkononi, alikuwa akiuliza kwa sauti yake tamu, "Tupitishe?" Mikono ikaanza kuinuka, wa Shangazi ukiwa mbele. Nikasimama, harage nimelifumbata.

"We Nakiete, unataka nini?" Shangazi akashangaa.

"Shikamooni wazee wangu," nikasema, na sauti yangu ikafika hadi nyuma. "Shangazi, shusha mkono. Karatasi hiyo si ya kukarabati ndiva. Inampa Mwenyekiti bwawa letu, liwe lake daima. Nileteeni hapa, niwasomee."